Mzee Kelvin, Uji wa Moto na Umri wa Dunia

Jumamosi iliyopita nilimtembelea rafiki yangu mmoja ambaye yuko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya uhandisi. Nilimkuta kainamia daftari, feni inazunguka, jasho linamtoka. Nikamwuliza anasoma nini.

"Joto," akanijibu.

Nikacheka. Mtu mzima, ana shahada yake ya kwanza tayari, na bado anasoma joto? Hapa Dar es Salaam joto si tunapewa bure?

Yeye hakucheka. Alinisogezea daftari nisome swali alilokuwa anapambana nalo tangu asubuhi. Lilikuwa hivi: kuna kitu kikubwa kisicho na mwisho, kina uso wa juu tu, chini hakina kikomo. Chote kina joto la namna moja. Ghafla uso wa juu unapozwa na kubaki baridi. Je, baada ya muda fulani, mita kadhaa kwenda chini kutakuwa na joto kiasi gani?

"Kila anayesoma mpitisho wa joto ngazi hii lazima akutane na swali hili," akaniambia. "Na hili hili ndilo lililomwangusha Kelvin."

Nilidhani natania na mtu, kumbe nimechokoza nyuki. Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma habari za joto badala ya kulala. Ndugu msomaji, nilichokikuta huko si hesabu tu. Ni kisa cha kijana aliyemtetea marehemu asiyeeleweka, akakua, akawa mkubwa, na ukubwa ukamfanya asisikie alipoulizwa swali. Naomba uvumilie nikusimulie.

Tuanze na tulichokariri shule ya msingi. Joto husafiri kwa njia tatu. Kwanza mpitisho: ukiacha kijiko cha chuma ndani ya sufuria ya maharage, mpini unakuunguza ingawa wenyewe haujagusa moto. Pili msafara: maji ya chini yakipata moto yanapanda, ya juu yanashuka, sufuria inajikoroga yenyewe. Tatu mnunurisho: ukikaa mbele ya jiko la mkaa uso unaungua hata kama upepo unakupiga kisogoni, na jua linatufikia kutoka mbali huko bila hewa wala chuma cha kulibeba. Tuliandika, tukapata vema, tukasahau.

Ngazi ya uzamili hawakuulizi tena joto linasafirije. Wanakuuliza kiasi gani, wapi, na lini. Na katika vyuo vingi mpitisho na mnunurisho vinafundishwa katika somo moja, msafara unapewa somo lake la peke yake, kwa sababu hesabu zake ni za aina nyingine. Mkumbuke huyu msafara aliyewekwa pembeni. Tutamhitaji.

Mtoto wa fundi cherehani

Mlinganyo ambao rafiki yangu anaugua nao una baba yake. Ni Joseph Fourier, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1768 katika mji wa Auxerre. Baba yake alikuwa mshona nguo. Fourier alikuwa yatima akiwa bado mtoto, akasomeshwa na watawa. Alitaka kuwa ofisa wa mizinga jeshini, mlango ukafungwa kwa sababu hakutoka ukoo wa kikabaila. Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa, akaingia kwenye siasa, mwaka 1794 akafungwa jela, na wakati ule kutoka jela kwenda kukatwa kichwa ilikuwa safari fupi. Robespierre alipoanguka yeye akasalimika.

Mwaka 1798 aliondoka na Napoleon kwenda Misri, akawa katibu wa taasisi ya wasomi iliyoanzishwa Cairo. Aliporudi alitaka kufundisha tu, lakini Napoleon akamtuma Grenoble kuwa mkuu wa mkoa wa Isère. Mchana alikuwa anasimamia ukaushaji wa mabwawa na ujenzi wa barabara ya kwenda Turin. Muda uliobaki alikuwa anachoma pete ya chuma, anapachika vipimajoto kwenye matundu yake, anaandika joto linavyosambaa.

Alichokigundua unaweza kumweleza hata bibi yako. Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndani ya umbali mfupi, ndivyo linavyokimbia zaidi. Ni kama maji kwenye mteremko: mteremko mkali, maji yanakwenda kasi. Halafu kila kitu kina tabia yake. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko chuma, chuma kuliko udongo, udongo kuliko mti. Ndiyo maana mwiko wa mti haukuunguzi.

Kutoka hapo alitengeneza mlinganyo unaosema joto la kila sehemu litabadilikaje kila sekunde. Ili kuufumbua akafanya jambo lililowaudhi wakubwa. Alidai kwamba umbo lolote, hata lenye pembe kali, unaweza kulijenga kwa kujumlisha mawimbi laini, moja juu ya jingine. Tarehe 21 Desemba 1807 aliwasilisha kazi hiyo Paris. Wakaguzi walikuwa Lagrange, Laplace, Monge na Lacroix, na kwa hesabu za wakati ule hakukuwa na baraza zito kuliko hilo. Lagrange akakataa katakata. Mawimbi laini yatoe pembe kali? Haiwezekani.

Kazi ikakaa kabatini. Likatangazwa shindano kuhusu joto, mwaka 1811 Fourier akaleta tena kazi yake ikiwa imeongezwa, na Januari 1812 akapewa tuzo. Tuzo yenyewe ilikuja na lawama: majaji walisema hoja zake hazijakamilika. Hawakuichapisha. Kitabu chake kikubwa kuhusu nadharia ya joto kilitoka mwaka 1822, miaka 15 baada ya ile siku ya Desemba. Na leo hesabu zinazoibana sauti kwenye MP3 na picha kwenye JPEG ni wajukuu wa mawimbi yale yale.

Fourier aliandika pia kuhusu dunia yenyewe. Mwaka 1820 aliandika kuhusu dunia inavyopoa taratibu kwa karne nyingi. Mwaka 1824 akauliza swali la mnunurisho: kwa nini dunia haina baridi kali zaidi ya hii iliyonayo? Akaona kwamba mwanga wa jua unapita hewani kirahisi ukija, lakini joto lisiloonekana linalorudi juu kutoka ardhini hupata taabu kupita. Hayo yanayosemwa leo kuhusu tabianchi yana mzizi wake hapo. Alifariki mwaka 1830.

Kijana wa miaka 16

Mwaka 1840 kitabu cha Fourier kiliingia mikononi mwa kijana mmoja wa Glasgow aliyeitwa William Thomson. Alizaliwa Belfast mwaka 1824, baba yake alikuwa profesa wa hesabu, na yeye aliandikishwa chuo kikuu akiwa na miaka 10. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikimaliza kitabu kile ndani ya wiki mbili.

Wakati huo profesa mmoja wa Edinburgh, Philip Kelland, alikuwa ameandika kitabu akidai sehemu kubwa ya hesabu za Fourier ni makosa. Thomson akakaa chini na kuandika makala ya kumtetea Fourier. Ilichapishwa mwaka 1841 kwenye jarida la hesabu la Cambridge, bila jina lake, kwa herufi P.Q.R. tu. Alikuwa na miaka 16, na alikuwa sahihi. Profesa ndiye aliyekosea.

Napenda sana sehemu hii ya kisa. Mtoto wa sekondari, kwa hesabu zetu, anamsahihisha profesa kwa niaba ya mtu aliyekwisha kufa.

Kijana huyo ndiye aliyekuja kuitwa Lord Kelvin. Akiwa na miaka 22 tayari alikuwa profesa Glasgow. Kipimo cha jotoridi kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa kina jina lake. Alishiriki kulaza waya wa simu za maandishi chini ya bahari ya Atlantiki, akapewa heshima na malkia. Alipozungumza, Uingereza nzima ilisikiliza.

Uji umeepuliwa lini?

Mwaka 1862 Thomson alichukua mlinganyo wa Fourier akaufanyia kazi kubwa kuliko zote: kutafuta umri wa dunia.

Ngoja nikupe mfano wa jikoni. Umeingia jikoni ukakuta sufuria ya uji mzito mezani. Hujui imeepuliwa lini. Unagusa juu, pamepoa, pameshika utando. Unazamisha ncha ya kidole kidogo, kuna moto. Kama uji umeepuliwa sasa hivi, moto uko hapo hapo chini ya utando. Kama umekaa muda mrefu, inabidi uzame zaidi kabla hujaungua. Kwa hiyo, kwa kujua joto linaongezekaje kadiri unavyoshuka, unaweza kukisia uji una muda gani tangu uondoke jikoni.

Thomson alifanya hivyo kwa dunia. Wachimba migodi wanajua kwamba kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Yeye alitumia wastani wa nyuzi 1 ya Sentigredi kwa kila mita 27 hivi. Akakadiria kwamba dunia ilianza ikiwa na joto la miamba iliyoyeyuka, kama nyuzi 3,900. Akapima miamba inavyopitisha joto. Kisha akaingiza vyote kwenye lile lile swali la rafiki yangu: kitu kikubwa, chote cha moto, uso wake umepoa ghafla.

Jibu likatoka: miaka milioni 98. Kwa kuwa vipimo vyake havikuwa na uhakika kamili, akasema iwe kati ya milioni 20 na milioni 400.

Nilimwomba rafiki yangu arudie hesabu ile mbele yangu. Dakika tano, kikokotoo cha kawaida. Jibu lilitoka pale pale, karibu milioni 100. Kwenye hesabu yenyewe hakuna kosa. Ukiwa mwanafunzi ukaandika vile, unapata alama zote.

Na tumtendee haki mzee wetu. Wataalamu wengi wa miamba wa wakati ule walikuwa wanaongea kana kwamba dunia haina mwanzo, muda ni wa bure, chukua unaotaka. Thomson aliwaambia: dunia inapoteza joto, kitu kinachopoteza joto hakikuwa hivi milele, kwa hiyo lazima kuwe na mwanzo. Hapo alikuwa sahihi kabisa.

Lakini namba ile iliumiza watu. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alikuwa amekadiria kwamba mmomonyoko wa bonde moja tu kusini mwa Uingereza ulichukua miaka milioni 300. Mageuko ya viumbe aliyoyaeleza yalihitaji muda mrefu mno. Kadirio lile aliliondoa baada ya kukosolewa, na namba za Thomson zilipokuja zikawa miongoni mwa mambo yaliyomsumbua kuliko yote hadi uzeeni. Angemjibu nini? Yeye alikuwa na ndege na mende. Mwenzake alikuwa na mlinganyo.

Aliyejaribu kujibu mwaka 1869 alikuwa Thomas Huxley. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba hesabu ni kama mashine bora ya kusaga. Itakusagia laini kiasi unachotaka, lakini kinachotoka kinategemea ulichoingiza. Nadhani kila mtu aliyewahi kutumwa mashineni na debe la mahindi anaelewa. Mashine haikuulizi umeleta mahindi au pumba. Inasaga, unalipa, unaondoka.

Huxley alikuwa na neno zuri, ila hakuweza kuonyesha pumba iko wapi.

Na jua je?

Kelvin hakusimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa jua. Alisema mwaka huo huo wa 1862 kwamba jua nalo linamwaga joto kwa mnunurisho, na kwa chanzo chochote cha nishati kilichojulikana wakati ule lisingeweza kuwaka zaidi ya mamia machache ya mamilioni ya miaka.

Hapa kuna kisa kidogo ambacho ni kinyume cha kile cha Kelvin, ndiyo maana nakileta. Kabla ya mwaka 1879 hakuna aliyejua kwa uhakika jua lina moto kiasi gani. Waliokadiria walianzia nyuzi 1,800 hadi zaidi ya milioni 10! Kila mtu alitumia kanuni yake ya mnunurisho.

Vienna kulikuwa na profesa aliyeitwa Josef Stefan, Mslovenia, mtoto wa familia maskini. Alichukua vipimo vya Mwairishi John Tyndall, aliyepasha waya wa platini kwa umeme. Waya ulipotoka nyuzi 525 hadi 1,200, mnunurisho wake ulikuwa umeongezeka mara 11.7. Stefan akahesabu jotoridi kuanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri, akagundua kwamba ukiizidisha namba hiyo kwa yenyewe mara nne unapata karibu uwiano ule ule. Maana yake ukiongeza jotoridi mara mbili, mnunurisho unaongezeka mara 16. Kwa kanuni hiyo akakadiria uso wa jua kuwa na nyuzi kama 5,400. Leo tunasema takriban 5,500. Mwaka 1884 mwanafunzi wake, Ludwig Boltzmann, akaithibitisha kanuni kwa hoja za nadharia, na leo inabeba majina yao wote wawili.

Utamu uko hapa. Vipimo vya Tyndall havikufaa kabisa kwa kazi ile, kwa sababu waya wa platini haunururishi kama kitu cheusi kamili ambacho kanuni inakihusu. Stefan alipata kanuni sahihi kutoka kwenye vipimo vyenye walakini, akiwa na bahati kidogo. Kelvin alikuwa na mlinganyo sahihi, akapata jibu potofu. Tofauti kubwa ni kwamba kazi ya Stefan ilipata mwanafunzi aliyeikagua msingi wake, na mwalimu akanufaika.

Msaidizi wa zamani

Kelvin naye alipata mtu wa namna hiyo. Aliitwa John Perry, mhandisi kutoka Ireland, aliyezaliwa mwaka 1850. Aliwahi kuwa msaidizi wa Kelvin Glasgow, kisha akaenda Tokyo kufundisha uhandisi, akarudi London. Alimpenda na kumheshimu mzee wake.

Agosti 1894, Lord Salisbury, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu na akaja kuwa tena, alihutubia mkutano wa wanasayansi Oxford. Akatumia umri wa Kelvin kupiga nadharia ya Darwin: muda hautoshi, kwa hiyo haikuwezekana. Perry aliona jambo halijakaa sawa. Kama wataalamu wa miamba na wa viumbe wanaona ushahidi wa muda mrefu, na mwanafizikia anapata muda mfupi, basi huenda kuna kitu mwanafizikia amekidhania bila kukipima.

Akakitafuta, akakiona. Rudi kwenye sufuria ya uji. Hesabu ya Kelvin inadhani hakuna anayekoroga. Joto la ndani linapanda kwa mpitisho tu, chembe kwa chembe, na kwa miamba hiyo ni safari ya polepole mno. Kwa hesabu hiyo, mamilioni ya miaka yanapita na ni ganda la kilomita chache tu mia lililopoa. Moyo wa dunia haujui hata kama juu kuna baridi.

Sasa chukulia kuna mtu anakoroga chini kwa chini, bila kugusa utando. Uji wa moto kutoka katikati unaletwa juu kila wakati. Ukija kugusa utaungua karibu na juu, utasema umeepuliwa sasa hivi. Kumbe umekaa mezani saa nzima!

Perry alionyesha kwa hesabu kwamba kama ndani ya dunia joto linasafiri vizuri kuliko juu, kwa mfano kwa sababu miamba ya ndani inatiririka japo kidogo sana, umri unaweza kufika miaka bilioni 2 au 3. Hakubadilisha mlinganyo wa Fourier. Alimrudisha tu msafara aliyewekwa pembeni.

Na alifanya kwa adabu. Kwanza aliwaandikia watu faragha, akamwandikia mzee mwenyewe. Peter Guthrie Tait, rafiki wa Kelvin, alimjibu kwa dharau: una ushahidi gani kwamba ndani kunapitisha joto vizuri zaidi? Jibu la Perry, kwa ufupi, lilikuwa kwamba si kazi yake kuthibitisha. Anayedai umri wa dunia hauwezi kuzidi kiwango fulani ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hali nyingine haiwezekani. Tarehe 3 Januari 1895 mjadala wote ukachapishwa kwenye jarida la Nature.

Kelvin alimjibu kwa upole. Alikubali kwamba pengine angepaswa kuweka kikomo cha juu mbali zaidi, labda milioni 4,000 badala ya 400. Soma tena namba hiyo. Bilioni 4! Mlango ulikuwa umefunguka, ilibaki hatua moja.

Hakuipiga. Alishika vipimo vipya vya miamba, na mwaka 1897 akatangaza umri wa kati ya milioni 20 na milioni 40. Badala ya kuuliza kilichoingia mashineni, alisaga laini zaidi. Yule kijana wa P.Q.R. alikuwa sasa na miaka 73.

Kisa tunachofundishwa, na kilichotokea

Vitabu vingi vinasema Kelvin alishindwa kwa sababu hakujua habari za madini yenye mionzi, ambayo huzalisha joto ndani ya dunia. Mionzi iligunduliwa mwaka 1896, mwaka 1904 Ernest Rutherford akaizungumzia London mzee akiwa amekaa ukumbini, na hadithi ikaisha vizuri: masikini mzee, angejuaje?

Ni hadithi ya huruma lakini si ya kweli. Mwaka 2007 wanajiolojia Philip England, Peter Molnar na Frank Richter walionyesha kwamba ukiongeza joto la mionzi kwenye hesabu ya Kelvin na kuacha mengine yote vilevile, jibu karibu halibadiliki. Kilichomwangusha ni kile alichoambiwa na Perry. Mionzi ilichotupa ni saa ya kupimia miamba. Kwa saa hiyo Clair Patterson alipata mwaka 1956 umri wa dunia wa miaka bilioni 4.55. Na jua? Liligundulika kuwaka kwa muungano wa viini vya atomu, jambo ambalo mwaka 1862 hakuna aliyeliwazia.

Mmoja wa waliotengeneza saa ile alipita upande wetu wa bahari. Arthur Holmes, akiwa kijana wa Kiingereza mwenye shida ya pesa, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini. Hakupata madini, alipata malaria, na hali ikawa mbaya hadi taarifa ya kifo chake ikapelekwa kwao. Hakufa. Mwaka 1913 alitoa kitabu kuhusu umri wa dunia, na miaka ya mwisho ya 1920 akaja na hoja kwamba miamba chini ya ganda la dunia, ingawa ni migumu, inatiririka polepole kwa msafara na kusukuma mabara. Ni kama lami: ukiipiga nyundo inavunjika, ukiiachia muda inatambaa. Wengi walimpuuza hadi miaka ya 1960.

Ushahidi tunao sisi hapa. Bonde la Ufa, kutoka Ethiopia kupita Kenya hadi kwetu Tanzania, ni mahali ambapo joto la chini linapanda na ganda linapasuka. Ol Doinyo Lengai inatema moto kwa sababu hiyo. Pale Olkaria, karibu na Naivasha, Wakenya wanazalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Laiti Kelvin angekuwa sahihi, kwamba chini hakuna kinachokoroga, Bonde la Ufa lisingekuwepo.

Kwa nini nimekusumbua na haya yote? Kwa sababu kazi yangu ni habari, na habari siku hizi ni namba. Niliwahi kuandika habari ya ukurasa wa mbele kutoka kwenye ripoti iliyochapwa vizuri, asilimia zina nukta na desimali mbili. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba watu waliohojiwa wote walikuwa wa eneo moja la mji. Hesabu ilikuwa sahihi. Mimi sikuuliza mashineni kumeingia nini. Zile desimali mbili zilinitisha kama milioni 98 zilivyomtisha Darwin.

Kule kwetu tumelelewa kutombishia mkubwa, na mimi siamini kwamba heshima ni kitu kibaya. Perry hakumvunjia mzee wake heshima hata kidogo. Alikagua, akaandika kwa adabu, akangoja. Lakini aliuliza. Na mzee aliyeulizwa ndiye aliyewahi kuwa kijana wa kuuliza kuliko wote.

Jana rafiki yangu amenitumia ujumbe. Lile swali la kitu kisicho na mwisho amelimaliza, jibu limelingana na la mhadhiri. Nikamjibu kwa maneno matatu: "Je, kuna anayekoroga?"

Hajanijibu hadi sasa. Nadhani anatafakari.